Nani Anashika Ufunguo? Kisa cha Godauni la Sanaa Uswahilini

Kisa hiki ni cha kata moja ya Dar es Salaam. Majina ya mtaa, kikundi, mfadhili na wahusika yameondolewa, na hesabu za fedha zimekadiriwa upya bila kuharibu uwiano wake. Vipimo vya jengo vimeachwa kama vilivyo, maana bila vipimo fundi hajifunzi kitu.

## Usuli

Sehemu za sanaa zinazojulikana Dar ziko mbali na wengi wanaoishi kwa kazi za mikono. Nafasi Art Space, iliyoanza 2008, iko Mikocheni. Wachoraji wa Tingatinga wako Oysterbay, wachonga vinyago wako Mwenge. Mama wa batiki wa Mbagala hawezi kupanda magari mawili na beseni la rangi kila siku. Anafanyia kazi uani kwake, na mvua ikinyesha siku hiyo imeharibika.

Wakazi 40 wa kata hii walipopata habari za godauni tupu jirani na soko, walilikimbilia. Lilikuwa na upana wa mita 12 na urefu wa mita 18, bati juu, sakafu ya saruji iliyoinuliwa sentimita 40 ili malori yapakue mizigo, geti la chuma, na choo kimoja nyuma. Wachoraji walikuwa 14, akina mama wa batiki na ushonaji 13, vijana wa muziki wa singeli 10, na mafundi wa mikoba ya ngozi watatu. Kati yao viziwi walikuwa wawili, na mshonaji mmoja alitumia kiti cha magurudumu.

Kikundi kilisajiliwa halmashauri kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii. Mwenyekiti na katibu walikuwa wachoraji, mweka hazina mama wa batiki. Shirika moja la nje lilikubali kulipa kodi ya shilingi 800,000 kwa mwezi, pamoja na meza na cherehani, kwa miezi 18.

## Mambo yalivyokwenda

Mkataba wa pango ulisainiwa na kaka mkubwa wa familia yenye jengo. Alikuwa na funguo, alikuwa na hati ya zamani yenye jina la marehemu baba yake, na mtaa mzima ulimtambua. Kodi ya miezi sita ikalipwa kwa mkupuo. Hakuna aliyeuliza kama mirathi imefunguliwa.

Mwezi wa pili wa mradi vijana wa singeli walipewa kona ya nyuma, mita 4 kwa 5, wakaizungushia mbao nyembamba na kubandika trei za mayai 300. Kila anayeanzisha studio uswahilini hufanya hivi, na kila mara matokeo ni yale yale. Trei hupunguza mwangwi ndani ya chumba, kwa hiyo anayerekodi anasikia sauti imetulia na kuamini amezuia kelele. Kumbe sauti haizuiwi na kitu chepesi. Inazuiwa na uzito, na kwa kuziba kila upenyo. Besi ilipita kwenye mbao, ikapanda hadi kwenye bati, na bati likawa spika ya mtaa mzima. Juu ya hayo, karatasi kavu 300 jirani na nyaya za umeme ni kuni zinazosubiri cheche.

Malalamiko yalifika kwa mjumbe siku ya tatu, na wiki haikuisha kabla ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuitisha kikao. Nyuma ya ukuta kuna madrasa. Wakakubaliana mziki usipigwe baada ya saa mbili usiku, na uzimwe kila adhana.

Mwezi wa tano likatokea jambo baya zaidi, nalo halikuwa na kelele. Akina mama walikuwa wakimwaga maji ya rangi kwenye mtaro wa mbele. Batiki yao ilitumia rangi zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosi, kemikali mbili za unga, na kostiki inachoma ngozi. Mtoto aliyekuwa akicheza mtaroni bila viatu aliungua nyayo. Alipona, lakini mama yake hakuruhusu tena watoto wake wasogee pale, na majirani wengine wakafuata.

Mwezi wa saba ilikuja barua ya dada wawili wa yule kaka aliyesaini. Walitaka kujua nani aliyempa kaka yao mamlaka ya kupangisha mali ya urithi ambayo haijagawanywa. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imeshamteua dada mmoja kuwa msimamizi wa mirathi miezi kadhaa kabla ya mkataba kusainiwa. Kikundi kilipewa siku 90 za kuondoka.

Wakati viongozi wakihangaika na barua, kuna jambo walichelewa kuliona: akina mama walikuwa wameacha kuja. Kati ya 13, waliofika mara kwa mara walikuwa wanne. Maelezo ya haraka yalikuwa kwamba wameogopa baada ya mtoto kuungua. Mweka hazina hakuridhika. Alinunua kauntabuku, akaipeleka kwa mama ntilie anayepika kando ya geti, akamwomba aandike kila mtu anayekuja na kukuta pamefungwa.

Wiki nne baadaye kurasa zilikuwa na safu tatu za mwandiko wa kalamu ya bluu: siku, saa, jina. Watu 31 walikuwa wamegonga geti kabla ya saa nne asubuhi na kuondoka. Kati yao 26 ni wanawake. Ufunguo ulikuwa mmoja, wa mwenyekiti, naye alikuwa anachora usiku na kuamka saa nne. Akina mama walikuwa na nafasi kuanzia saa mbili, watoto wakishakwenda shule, hadi saa saba. Jioni godauni lilipochangamka, wao walikuwa jikoni.

Alipowauliza mmoja mmoja, jambo la pili lilitajwa kwa sauti ya chini. Mlango wa choo haukuwa na komeo kwa ndani, wala taa. Aliyebanwa alirudi nyumbani kwake, na akishafika nyumbani kazi za nyumbani zinamshika, harudi.

## Uamuzi uliofanywa na sababu zake

Komeo na taa ya choo viliwekwa siku hiyo hiyo kwa chini ya shilingi 15,000. Uamuzi uliobaki ulichukua miezi mitatu.

Ufunguo. Zilichongwa nakala mbili. Moja ilikaa kwa mweka hazina, moja kwa mama ntilie, ambaye yuko kazini tangu saa kumi na moja alfajiri. Yeye hakutaka mshahara. Alitaka kuhamishia jiko ndani ya uzio bila kulipia eneo, akakubaliwa. Kauntabuku ikawa daftari la ufunguo: aliyechukua, saa ngapi, amerudisha saa ngapi. Mwenyekiti alipinga akihofia wizi. Hoja iliyomshinda ilikuwa kwamba vitu viwili vilivyokwisha kuibwa viliibwa wakati ufunguo uko kwake peke yake, na hapakuwa na daftari la kumlinda asishukiwe.

Mkataba. Safari hii kikundi kiliomba kwanza kuona barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na kuhakiki namba ya shauri pale mahakamani. Mkataba mpya wa miaka mitatu ulisainiwa na msimamizi, mbele ya wakili, ukalipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka, yaani 96,000. Kikundi kilikuwa kimeshasajiliwa kama mlipakodi, hivyo kilitakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA): 80,000 serikalini, 720,000 kwa familia. Jambo hili karibu livunje makubaliano, maana ndugu waliona wanapunjwa. Lilitulia walipoonyeshwa kwamba stakabadhi ya kodi iliyozuiwa inawapunguzia wao wenyewe hesabu ya kodi ya mapato. Afadhali maelezo haya yangetolewa kabla ya kutaja bei. Yakija baadaye yanasikika kama ujanja.

Kipengele muhimu kuliko vyote kilikuwa cha matengenezo: chochote kitakachojengwa kwa saruji kinahitaji ridhaa ya warithi kwa maandishi, na mkataba ukivunjwa kabla ya muda, gharama yake inarudishwa kwa kupunguza sehemu ya tatu kila mwaka uliopita. Kila kitu kingine, kuanzia meza na rafu hadi vizuizi, kifungwe kwa bolti na nati ili kiweze kuhamishwa kwa siku moja.

Njia ya kiti cha magurudumu. Mwanzoni fundi alikuwa amemwaga zege la urefu wa mita 1.6 kupanda zile sentimita 40. Huo ni mwinuko wa moja kwa nne. Mwenye kiti hapandi peke yake, na akishuka anaweza kubinuka kwa mbele. Kwa hiyo mshonaji yule alikuwa akibebwa na vijana wawili, na siku ambazo vijana hawapo hakuja. Kipimo kinachofaa ni moja kwa kumi na mbili, kwa hiyo sentimita 40 zinahitaji mita 4.8. Ikielekezwa moja kwa moja ingeingia barabarani, ikakunjwa ndani ya ua: mita 2.4, kituo bapa cha mita 1.5 kwa 1.5 cha kugeuzia, kisha mita 2.4 nyingine, upana mita 1.2, na ukingo wa sentimita 10 ili gurudumu lisitoke. Ilikula mifuko 8 ya saruji na kifusi cha zege lililovunjwa. Mlango wa choo ulipanuliwa kutoka sentimita 70 hadi 90. Warithi waliridhia haya bila ubishi.

Matangazo. Taarifa zilikuwa zikitumwa kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp. Viziwi hawakusikia, na wenye simu za batani hawakupata kabisa. Ikawekwa kanuni: tangazo lisiloandikwa kwenye ubao wa getini halihesabiki kuwa limetolewa.

Maji ya rangi. Hapa kazi ilifanyika vizuri kuliko popote. Yaliwekwa mapipa matatu ya plastiki ya lita 200. La kwanza linapokea maji machafu, yanaachwa wazi siku nzima na kukorogwa mara tatu ili haidrosi iishe nguvu kwa hewa. La pili ni la kuzimua kostiki kwa siki. Hesabu yake ni hii: lita moja ya siki ya asilimia 5 inazimua gramu 33 hivi za kostiki, kwa hiyo aliyetumia gramu 100 aandae lita tatu, akimimina kidogo kidogo na kupima kwa karatasi ya litmasi, inayobadilika rangi kuonyesha kama kostiki bado ipo, maana sehemu ya kostiki huwa imeshatumika. La tatu ni la kutuamisha. Tope linakaushwa na kufungwa, halimwagwi. Kanuni nyingine ikaandikwa ukutani kwa herufi kubwa: kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji baridi, kidogo kidogo. Ukimwagia kostiki maji, inachemka ghafla na kuruka usoni. Siki si bure, na gharama yake ilifanya akina mama wapime kostiki kwa mizani badala ya kukadiria kwa kijiko. Matumizi yakapungua yenyewe.

Fedha. Ada ya awali ilikuwa 30,000 kwa kila mwanachama kwa mwezi. Kwenye karatasi ni 1,200,000; iliyokusanywa ilikuwa kama nusu. Mama anayekuja asubuhi tatu kwa wiki alilipa sawa na mchoraji anayelala pale. Wakahamia kwenye nusu-siku: meza 1,500, cherehani ya umeme 2,000, unalipa siku unayokuja. Wachoraji waliona wameongezewa mzigo, na kweli waliongezewa.

Ziliwekwa pia mita ndogo za umeme kwa kila upande. Kabla ya hapo lawama zote za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zilikuwa za cherehani. Mita ikasema vingine. Cherehani sita zenye mota za kisasa, kwa saa sita, zilikula uniti 3.6 kwa siku. Pasi moja ya wati 1,200, ikiachwa kwenye umeme tangu asubuhi, ilikula uniti 3.6 hizo hizo. Kwa bei ya 356 kwa uniti ni karibu 1,300 kila siku, nyingi zikiunguza hewa tu. Upigaji pasi ukawekewa saa mbili maalumu, saa sita hadi saa nane mchana.

Muziki. Hapa uamuzi ulikuwa mgumu, na tunaona ulikuwa na kasoro. Dawa ya kelele ilijulikana: chumba ndani ya chumba, ukuta wa tofali za inchi 6 uliopigwa plasta pande zote, dari nzito isiyogusa bati, milango miwili yenye mpira wa kuziba. Kwa chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kimo cha mita 2.6 zinahitajika tofali 430 hivi. Fundi alishatoa bei. Lakini makadirio yalikuja mwezi ule ule na barua ya siku 90, na mfadhili hakutaka kuzika fedha kwenye jengo lenye mgogoro. Vijana waliambiwa wasubiri. Mwezi wa nane waliondoka, wakapanga chumba nyuma ya baa moja.

## Matokeo

Mfadhili aliondoka mwezi wa 18 kama ilivyotarajiwa. Mwezi wa 24 godauni lilikuwa bado wazi. Wanawake waliokuwa wanakuja angalau mara mbili kwa wiki walikuwa 17, wengi wakiwa wapya. Sita kati yao waliunda kikundi chao cha pembeni ili waombe mkopo usio na riba wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi mama, kikiwa na mchanganyiko wa watu, hakikuingia kwenye fungu lolote. Mshonaji mwenye kiti sasa anafika peke yake kwa bajaji.

Mapato ya mwezi yalikuwa kama ifuatavyo: meza 655,000, cherehani 406,000, mafunzo ya watoto Jumamosi 240,000, na asilimia 10 ya oda zilizopitia kikundi 150,000. Jumla 1,451,000. Matumizi, yaani kodi, mlinzi, umeme, maji, usafi na akiba ya matengenezo, yalikuwa 1,400,000. Salio ni elfu hamsini na kitu. Bomba moja likipasuka limekwisha.

Wachoraji wamebaki tisa kati ya 14. Vijana wa singeli hawajarudi.

## Uchambuzi

Ukiisoma hati ya mradi iliyoandikwa mwanzoni, neno "jumuishi" limejaa kila ukurasa. Hakuna ukurasa uliotaja saa za kufungua, wala komeo. Wanawake waliwekwa kwenye uongozi, tena kwenye nafasi ya fedha, lakini mgawanyo ulikuwa ule wa kawaida yetu: hela kwa mama kwa sababu anaaminika, ufunguo kwa baba kwa sababu ni mkubwa. Anayeshika hela anatoa hesabu. Anayeshika ufunguo haulizwi.

Kauntabuku ilifanya kazi ambayo dodoso la mfadhili halikuifanya. Dodoso liliwahoji waliokuwepo ndani, na waliokuwepo ndani hawakuwa na tatizo la geti. Anayetaka kujua nani ameachwa nje amweke mwandishi nje. Ilisaidia pia kwamba mwandishi alikuwa mama ntilie, ambaye hakuwa mwanachama na hakuwa na upande wa kutetea.

Kosa la mkataba lilionekana dogo, ila lilizaa mengine. Kwa sababu aliyesaini hakuwa msimamizi, jengo likaingia mgogoroni. Kwa sababu ya mgogoro, ukuta wa studio haukujengwa. Kwa sababu ukuta haukujengwa, vijana kumi wakaondoka. Ukiwauliza majirani, watakwambia vijana waliondoka kwa ukorofi. Nusu saa pale mahakamani kabla ya kulipa kodi ya miezi sita ingetosha kubadilisha mlolongo huu.

Linganisha pia kasi ya kikao. Kelele ya singeli ilipata kikao cha mtaa ndani ya wiki. Kostiki ilitiririka mtaroni miezi mitano bila kikao, hadi mtoto alipoungua. Kosa linalosikika huwa na wa kulisemea haraka, hasa likiwa la vijana. Kosa la kimya, likifanywa na akina mama wanaoheshimika, husubiri aumie mtu. Maji yalipata mapipa matatu, siki na litmasi; muziki ulipata amri ya kusubiri. Kukosa fedha peke yake hakuelezi tofauti hii, kwa sababu hakuna aliyependekeza hata suluhisho la bei nafuu la muda: mazoezi kwa vipokea sauti vya masikioni mchana, na spika kufunguliwa Jumamosi saa ambazo madrasa haina kipindi.

Malipo ya nusu-siku yalikuwa ya haki kwa wanaokuja saa chache, na ndiyo yaliyobeba jengo mfadhili alipoondoka. Lakini yaliwaumiza wachoraji ambao picha moja inawachukua wiki tatu bila kuuza. Kikomo cha mwezi, tuseme mtu akishalipa nusu-siku 25 zinazobaki ni bure, kingewabakisha wawili watatu. Kilipendekezwa, kikakataliwa kwa kura chache, nasi tungekipigia ndiyo.

Mkataba una miezi 23 mbele. Choo cha pili kimeshachorwa, tofali zimeshapangwa kando ya ukuta chini ya turubai, ila shimo halijachimbwa: mrithi mmoja yuko safarini na hajasaini.